Sade Adu na bendi yake: hawa watu huwa wanapotelea wapi?

#1 Kanda ya Tisini (mleta uzi)
Wakuu salaam. Jana usiku umeme ulikatika, nikabaki na karedio kangu ka betri, wakapiga "Is It a Crime" ya Sade. Nikakaa gizani mpaka ukaisha. Baadaye likanirudia swali ninalotembea nalo tangu sekondari: hivi huyu mama huwa anapotelea wapi? Hesabu mwenyewe. Albamu ya kwanza 1984, ya pili 1985, ya tatu 1988, ya nne 1992, ya tano 2000, ya sita 2010. Basi. Miaka arobaini na ushee, albamu sita. Msanii wetu hapa akikaa miezi mitatu bila kutoa ngoma tunasema amefulia. Yeye anakaa miaka kumi, akirudi anakuta kiti chake hakuna aliyethubutu kukikalia. Siri ni nini? Wajuzi mje.

#2 Mkaa Kibarazani
Naweka mkeka hapa. Kahawa ipo.

#3 Fundi Spika
Mbona jibu rahisi, ana hela. Albamu ya kwanza pekee, Diamond Life, iliuza mamilioni ya nakala. Muda huu ninapoandika kuna hoteli mahali inapiga "Smooth Operator", mrabaha unaingia. Sisi tunatoa nyimbo kila wiki kwa sababu kodi ya nyumba inasubiri. Mwenye shibe huwa hana haraka ya jikoni.

#4 Mtoto wa Ubungo
Namkubali sana huyu Mmarekani mweusi. Hasa ule wimbo wake wa Fast Car, duh.

#5 Binti Karatasi
Ubungo nawa uso urudi. Fast Car ni ya Tracy Chapman, mtu mwingine kabisa. Na Sade si Mmarekani. Ni Helen Folasade Adu, kazaliwa Ibadan, Nigeria, 16 Januari 1959. Baba yake Myoruba, mhadhiri wa uchumi. Mama yake Mwingereza, nesi. Wazazi walipoachana, mama akarudi kwao na watoto, Sade akiwa na miaka minne, akakulia Essex. Uimbaji ulikuja kwa mlango wa nyuma tu: London alikwenda kusomea ubunifu wa mavazi, chuo cha Saint Martin's.

#6 Mtoto wa Ubungo
Wote si wanaimba polepole? Nimesamehewa?

#7 Besi ya Nyali
Umesamehewa, lakini mleta uzi bado ana kesi. Anauliza "huyu mama anapotelea wapi" kana kwamba yuko peke yake. Sade ni bendi, jamani. Watu wanne: Sade Adu mwenyewe, Stuart Matthewman gitaa na saksafoni, Paul Denman besi, Andrew Hale kinanda. Mwanzoni alikuwapo na mpiga ngoma, Paul Cooke, akatoka 1984. Tangu hapo ni walewale wanne hadi leo. Kabla yake wengi wao walikuwa kwenye kundi kubwa la London lililoitwa Pride, Sade akiwa mwitikiaji tu nyuma. Wakamegeka, na 1983 wakasaini na kampuni ya rekodi ya Epic.

Mimi nimepiga besi hoteli za Pwani ya Kaskazini, Mombasa, miaka kumi na moja. Kila usiku mgeni mmoja lazima aombe "Smooth Operator". Nimeipiga kuliko nilivyosema jina langu. Nawaambia, ukimtoa Denman pale unabaki na mwanamke anayenong'ona chumbani.

#8 Kanda ya Tisini
Besi, umenifungua. Ila bendi gani picha ya jalada ni mtu mmoja? Diamond Life jalada ni sura yake peke yake. Hao watatu wako wapi?

#9 Besi ya Nyali
Wako kwenye muziki. Ushahidi huu hapa: wana Grammy nne. Ya 1986 ni ya msanii mpya, ya 2002 ni ya albamu ya Lovers Rock. Lakini ile ya 1994 ya "No Ordinary Love" na ile ya 2011 ya "Soldier of Love" zote zilitoka kwenye kundi la tuzo za wawili-wawili na bendi. Hiyo tuzo mtu mmoja hapewi.

#10 Mzee wa Dansi
Vijana, hili mbona kwetu la kawaida. Remmy Ongala alikuwa na Super Matimila, watu wanasema "wimbo wa Remmy". Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, hivyohivyo. Mwenye sauti huondoka na sifa, mpiga rhythm anaondoka na nauli ya daladala. Tofauti ni kwamba wale Waingereza wamedumu pamoja. Kwetu mpiga solo akishapata sifa, Jumatatu unamkuta bendi ya jirani.

#11 Mama Kibaha
Nami nina ushuhuda. Mwaka 1987 nikiwa Dar nasoma, nilipeleka kanda tupu ya C90 Kariakoo nirekodiwe albamu ya Promise. Upande A Sade, upande B nikamwambia fundi ajaze Franco. Yule bwana akaandika ubavuni kwa maka peni, herufi kubwa: SHADE. Miaka mitatu nikiamini anaitwa Kivuli, na nikaona jina limemkaa vizuri na ile sauti yake! Wimbo wa mwisho, "Maureen", kanda iliuishia katikati. Na kuna kitu sijawahi kuambiwa na mtu: kwenye "Is It a Crime", pale muziki unaposhuka chini kabisa, kuna mtu anakohoa. Mara mbili. Nilijua ni mpiga tarumbeta.

#12 Besi ya Nyali
Saksafoni, mama. Tarumbeta ni ile ya harusi za Temeke.

#13 Binti Karatasi
Mama Kibaha usimcheke sana fundi wako, alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi. Kiyoruba wana herufi s yenye nukta chini yake, inasomwa sh. Jina lake kamili huandikwa Fọláṣadé, maana yake karibu na kusema heshima ndiyo imvikayo mtu taji. Wazungu walipochapa jalada wakaiacha nukta, kisha kule Marekani ikabidi kampuni iwaandikie watu namna ya kulitamka. Sisi ndio tumeng'ang'ana na "Sade" kama sadaka.

#14 Mkaa Kibarazani
Nukta moja tu, watu miaka arobaini wanakosea. Mimi nitaendelea na Sade ya sadaka, nishazeeka.

#15 Mti wa Mdimu
Turudi kwenye hoja. Kuhusu kupotea, mnazunguka tu, ni mapenzi. Aliolewa 1989 na mtengeneza filamu Mhispania, akaenda kuishi Hispania. Ndoa haikudumu. Baadaye akawa na maisha Jamaika, mtoto akazaliwa 1996. Sasa chukua kalamu: Love Deluxe 1992, Lovers Rock 2000. Katikati hapo kuna talaka, uhamisho na mtoto mchanga. Nani kati yenu amelea mtoto huku akiandika albamu? Wanaume mtasema "hela" kwa sababu hamkuamka usiku.

#16 Fundi Spika
Dada Mdimu, nimeamka usiku mara nyingi, muulize mke wangu. Halafu mtoto wa 1996, mwaka 2006 ana miaka kumi, anajifulia soksi. Albamu imekuja 2010. Hiyo miaka minne ya ziada ilikuwa ya mtoto gani?

#17 Mti wa Mdimu
Miaka kumi anajifulia soksi? Kwenu wapi huko, nilete wa kwangu.

#18 Nairobi Baridi
Wadau wa Bongo, mambo. Kwangu mimi ni magazeti. Yale magazeti ya udaku ya Uingereza miaka ya themanini yalikuwa na sumu. Akikonda, imeandikwa anaumwa. Akinyamaza, ana kichaa. Akaamua mahojiano anatoa kwa nadra sana. Si kwamba alipotea, alifunga dirisha tu. Na wivu mwingine ulikuwa wa rangi, tusidanganyane. Binti chotara amekuja na albamu moja, 1985 inapewa tuzo ya Brit ya albamu bora ya Uingereza, mbele ya watu waliojiona wenye nyumba.

#19 Sindano na Uzi
Mimi ni fundi cherehani, nitaongea ya cherehani. Tafuteni video za Uingereza za 1984. Mabega ya sponji, nywele kama kichaka, rangi zinapiga kelele. Halafu mtazame yeye: nywele zimevutwa nyuma zikafungwa mkia mmoja, hereni za duara, lipstiki nyekundu, gauni jeusi lililokatwa vizuri mgongoni, mara nyingine yuko peku jukwaani. Mkono wa mtu aliyesomea nguo unauona pale kwenye bega, mshono umekaa juu ya mfupa, haujashuka wala haujapanda. Mama yangu alikuwa na picha yake imekatwa kwenye gazeti, ameibandika ndani ya kabati, na mwaka 1990 aliniletea kitambaa cheusi akisema "nataka hili". Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaharibu mkono wa kushoto. Alilivaa hivyohivyo.

Ninachosema: hakuvaa fasheni ya mwaka ule, kwa hiyo hakuna mwaka uliomwacha. Muziki wake hivyohivyo. Ndiyo maana anaweza kulala miaka kumi.

#20 Mzee wa Dansi
Sindano umeongea kitu. Hata sauti ya rekodi ni hivyo. Wenzake wote walikuwa na mashine za ngoma zinazogonga kama fundi bati. Mtayarishaji wao Robin Millar, ambaye ana tatizo la macho tangu zamani, aliacha nafasi kati ya chombo na chombo. Besi mbele, tumba kwa mbali, sauti haigombani na mtu.

#21 Forodhani Jioni
Assalaam alaykum. Hebu nami nitie chumvi ya Unguja. Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, lile tamasha kubwa la Live Aid la kuchangia njaa ya Ethiopia. Sade aliimba siku ile, pamoja na ule wimbo wa Timmy Thomas wa kuuliza kwa nini hatuwezi kuishi pamoja. Jioni ikaja zamu ya Queen. Basi jukwaa lile lile, siku ile ile, mmoja kazaliwa Ibadan na mwengine, Freddie Mercury, kazaliwa hapa hapa Mji Mkongwe 1946. Uingereza inachangia njaa ya Afrika na wanaoimba ni watoto wa Afrika. Hilo silioni likisemwa sana.

#22 Mtoto wa Ubungo
Kwa hiyo Sade na Freddie Mercury ni ndugu?

#23 Forodhani Jioni
Wewe lala.

#24 Gati Namba Saba
Mmesahau wimbo mmoja mkubwa. "Pearls", uko kwenye Love Deluxe ya 1992. Unamhusu mwanamke wa Somalia anayeokota punje za nafaka kando ya barabara, na mwimbaji anaziita lulu. Mwaka huo nilikuwa kibarua bandarini Kilindini. Meli za chakula cha msaada zinashusha, malori yanapakia, na kule uwanja wa ndege wa Moi ndege za jeshi la Marekani zinapaa kwenda Somalia. Malori yakitoka getini, gunia likipasuka mahindi yanamwagika kuanzia hapo hadi Changamwe. Kina mama walikuwa wanakuja na fagio na ungo. Wanafagia mchanga na mahindi pamoja, wanapepeta pale pale, mchanga unaruka, punje zinabaki. Mmoja alikuwa na kopo la maziwa ya unga, halijai mpaka saa sita. Wale hawakuwa hata Wasomali, walikuwa watu wetu wa Mombasa.

Wimbo nimeusikia 1994 kwenye matatu. Sikuwa na Kiingereza kingi, lakini neno Somalia nililisikia, nikamuuliza kondakta anasema nini. Akanijibu "ni mapenzi tu mzee". Nimekuja kujua maneno yake miaka mingi baadaye.

#25 Kanda ya Tisini
Mzee Gati, ahsante. Huo wimbo nimeupiga mara mia nikijua ni wa mkufu.

#26 Besi ya Nyali
Ndiyo maana nasema si mapenzi tu. Diamond Life ina "When Am I Going to Make a Living", wimbo wa mtu asiye na kazi. Lovers Rock ina "Immigrant" na "Slave Song". Wateja wangu wa hoteli walikuwa wanabusiana hata kwenye hizo.

Kuhusu kupotea nami nina langu: bendi. Yule mama akinyamaza, wenzake hawakukaa wakimsubiri. 1996 wale watatu walitoa albamu yao kwa jina la Sweetback. Matthewman mwaka huohuo alikuwa na mkono kwenye albamu ya kwanza ya Maxwell, yule mwimbaji wa Marekani. Kila mtu ana nyumba yake, nchi yake. Kuwakusanya hao studio ni kama kukusanya ukoo, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana shamba.

#27 Fundi Spika
Basi umeniunga mkono. Wanaweza kutawanyika kwa sababu wana hela.

#28 Nairobi Baridi
Fundi, wewe kila mlango unaona pochi. 2010 Soldier of Love iliuza nakala 502,000 Marekani wiki ya kwanza tu, ikaingia namba moja. Mtu wa hela angetoa nyingine 2012 kabla chuma hakijapoa. Hakutoa. Imekuja nyimbo mbili za filamu mwaka 2018, halafu 2024 "Young Lion", wimbo kwa mwanawe. Huyo si mtu wa hesabu zako.

#29 Fundi Spika
Au ni mtu wa hesabu kuliko wote. Adimu ndiyo bei. Nyanya zikijaa sokoni nani anazigombea?

#30 Mti wa Mdimu
Sasa amekuwa nyanya.

#31 Dereva wa Ghuba
Mimi nilimsikia. Sikusema nilimwona, someni vizuri. Desemba 2011 Abu Dhabi, onyesho la kufunga ziara yao ya dunia. Nilikuwa dereva, nimepeleka familia moja pale, tiketi zao za mbele. Sisi madereva tukabaki maegesho, Wahindi, Wapakistani, mimi na kijana mmoja wa Tanga. Tumeshusha vioo vyote. Upepo ukija upande wetu unasikia kila neno, ukigeuka unasikia besi peke yake, dum, dum, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. "Smooth Operator" ilipoanza, madereva wote wakapiga kelele, hata wale wasiojua neno la Kiingereza. Yule mwenzangu wa Tanga akatoka nje ya gari akasimama tu. Hakucheza wala nini. Mwisho bosi karudi, ananiuliza "umechoka kusubiri?" Nikamwambia hapana, kidogo tu.

#32 Mkaa Kibarazani
Dereva umetupa tamasha la bure. Kahawa yangu imepoa kwa ajili yako.

#33 Sindano na Uzi
Aliimba peku?

#34 Dereva wa Ghuba
Dada, nilikuwa maegesho.

#35 Binti Karatasi
Sahihisho dogo kabla sijalala. Besi usije ukawapa wenye bendi kila kitu. "Smooth Operator" Sade aliuandika na Ray St. John, tangu enzi za Pride, na huyo Ray hayumo kwenye wale wanne wako. Na Uingereza haukufanya maajabu, uliishia namba 19. Marekani ndiko ulikofika namba 5, mwaka 1985. Wimbo wao uliopanda zaidi kwao mwaka ule wa 1984 ulikuwa "Your Love Is King", namba 6.

#36 Besi ya Nyali
Nimepiga wimbo miaka kumi na moja sikujua nimempigia Ray. Naandika.

#37 Mwana Msimbazi
Nimesoma uzi wote toka juu, nimerudi kwenye bandiko namba 11 mara tatu. Mama Kibaha, naomba nikuulize. Hilo duka la kurekodi, lilikuwa juu, unapanda ngazi za mbao, chini wanauza vitenge? Na fundi mwembamba, amevaa kofia ya kufuma hata mwezi wa kumi na mbili?

#38 Mama Kibaha
Huyo huyo! Maiki yake ilikuwa mezani kila wakati, alikuwa anatangaza jina la duka lake mwanzo wa kanda. Umemjuaje?

#39 Mwana Msimbazi
Kwa sababu kanda yangu ya Promise ina kikohozi pale pale. Mara mbili. Alisahau kuizima maiki kwenye kanda mama, halafu akatunakilishia wote.

#40 Mzee wa Dansi
Subirini. Mara mbili, halafu kama mtu anasogeza kiti?

#41 Mwana Msimbazi
Kiti! Ndiyo! Mzee na wewe?

#42 Mzee wa Dansi
Ninayo, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Deki ndiyo imekufa, mkanda wake wa mpira umelegea. Nani anajua zinapouzwa?

#43 Fundi Spika
Mzee nitumie namba ya modeli faraghani. Ninazo kadhaa dukani, na hiyo nitakupa bure kabla Nairobi hajasema pochi.

#44 Kanda ya Tisini
Wakuu, ya kupotea tumeyaacha wapi vile? Maana mimi nami nimekwenda kusikiliza "Is It a Crime" YouTube sasa hivi, nikafika pale inaposhuka, nikajikuta nasubiri mtu akohoe.

#45 Mama Kibaha
Mwanangu, mimi tangu nianze kuusikiliza kwenye simu nahisi wameukata.